Tribunali ya Ijumaa

Nimekula mawaziri wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nimekula magavana na wabunge. Nimekula mbavu za mkuu wa majeshi, nikazichemsha tangu asubuhi mpaka mchana, na bado zilikuwa ngumu kama nilivyotegemea. Nilimla mchungaji wa kwenye televisheni aliyekuwa anauza maji ya baraka kwa chupa, na mwanamuziki aliyelipwa kutaja majina ya wakubwa katikati ya wimbo wa mapenzi. Mwanamuziki alikuwa na mafuta mengi. Wote hao niliwanunua kwa mtu mmoja katika soko la Base Camp, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako meza yangu ya unga wa muhogo ilipakana na bucha yake.

Tulimwita Mchinjaji. Jina alikuwa nalo, liko kwenye karatasi zake za ukimbizi, lakini sitalitaja, na yeye mwenyewe hakulipenda. Alitoka upande wetu, Kivu ya Kusini, kule Kongo. Ukimwuliza alikuja na nini, alijibu kwa Kiswahili cha kwetu, "Nilikuja na bisu byangu," yaani visu. Ukimwuliza aliacha nani nyuma, aliendelea kukata nyama kana kwamba umeuliza habari za mvua.

Siku yake ilikuwa Ijumaa. Mchana ng'ombe alifika akiswagwa kutoka mnada wa Kaberebere, pembe ndefu, vumbi mpaka masikioni, akafungwa kwenye nguzo nyuma ya bucha. Jioni alichinjwa, Jumamosi akauzwa. Kati ya mchana na jioni ndipo ilipofanyika tribunali, mahakama yetu, na watu walitoka hata Rubondo, mtaa wa mbali wa kambi, kuja kuitazama. Kwanza Mchinjaji alitusomea habari za wiki, alizozisikia redioni na alizotumiwa kwenye simu, huku akinoa kisu. Kisha aliuliza wiki hii nani ametukosea. Watu walitaja wagombea, wakainua mikono, na aliyepata mikono mingi, jina lake alipewa ng'ombe.

"Uchaguzi wetu ni safi," alikuwa akisema. "Hapa mwenye kushinda anakufa kweli."

Tulicheka mpaka machozi. Ili uelewe kicheko kile, kumbuka kwamba sisi hatupigi kura popote. Kwetu tulitoka mbio, na hapa si kwetu. Msimu wa kampeni ulipofika, sura za wagombea zilibandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha soko, wakitutabasamia kila tulipoingia na kila tulipotoka, na hakuna hata mmoja aliyetuomba chochote. Ijumaa peke yake ndiyo iliyotuomba mkono.

Ng'ombe akishapewa jina, alisomewa mashtaka. Alikuwa pia na wakili, maana Mchinjaji alishika utaratibu. Wakili alikuwa katekista mmoja Mrundi, mtu mwembamba mwenye koti la kahawia, ambaye alimtetea kila mshtakiwa kwa moyo wote. Aliwahi kumwombea gavana huruma kwa sababu alikuwa na vidonda vya tumbo. Aliwahi kusema waziri hakuiba pesa za barabara, ila barabara yenyewe ndiyo iliyokataa kujengwa. Alishindwa kesi zote, kila Ijumaa, na Jumamosi alikuja kununua kilo yake ya mteja wake.

Siku moja afisa wa polisi alipita akasikia kelele. Akapenya mpaka mbele, akamtazama ng'ombe, akamtazama Mchinjaji.

"Wewe ssebo, hii mkutano nani aliruhusu?"

"Afande, si mukutano. Ni bucha."

"Hii ng'ombe jina yake nani?"

"Ni waziri wa kwetu, afande. Wa kule Kongo."

"Wa hapa hapana gusa."

"Ba hapa hatubagusi, afande. Ba hapa iko bazuri bote."

Afisa alifikiri kidogo, akavuta kiti akakaa. Alikaa mpaka hukumu, na alipoondoka alikuwa na kipande cha ini kwenye jani la mgomba. Mchinjaji hakujua mambo mengi ya dunia, lakini mipaka ya utani wake aliijua vizuri.

Asije mtu akafikiri nasimulia habari za mchekeshaji. Alikuwa mtu wa hasira, na hasira yake ilikuwa na mikono. Redio yake ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kwa sababu aliirusha ukutani kila msemaji wa jeshi aliposema hali imedhibitiwa. "Bakisema imetulia," aliniambia, "ujue kuna fasi batu banazikana." Kisha aliiokota, akaifunga upya, akaisikiliza tena, maana bila redio hakuwa na Ijumaa. Kijana mmoja alikuja na simu akitaka kumwonyesha video ya maiti zilizolazwa barabarani, huku chini yake mtu ameweka muziki. Mchinjaji aliichukua ile simu, akaiweka juu ya gogo la nyama, akaipiga kwa mgongo wa shoka mpaka ikawa unga. Kijana aliposimama kubishana alipigwa kofi akakaa chini.

"Mutu alikufa si sinema," alimwambia.

Alikuwa na sheria zake katika uchaguzi, na alizilinda kwa ukali uleule. Kuna wiki watu walitaka kumchagua mchezaji mpira aliyepiga penalti ikaenda mbinguni. Hasira ilikuwa kubwa, mikono iliinuka soko zima. Mchinjaji akaikataa kura. "Huyu alikosa goli. Hakuua mutu." Mwanamuziki alimkubali, kwa sababu aliimba kwenye karamu ya watu waliochoma vijiji. Mchungaji alimkubali, kwa sababu aliwaambia wagonjwa watupe dawa. Alipima watu kwa kipimo kimoja tu, na mimi, niliyezoea redio za kupima kwa vipimo kumi, nilimpenda kwa hilo.

Sasa sikiliza na upande wake mwingine. Mtu huyu aliyevunja simu na kupiga vijana makofi alikuwa na upole mmoja wa ajabu, nao ulikuwa kwa ng'ombe. Mchukuzi mmoja aliwahi kumpiga teke ng'ombe aliyefungwa. Mchinjaji alimwangusha, akampiga mpaka meno ya mbele yakabaki mchangani. Na kila alipochinja, alifanya jambo lilelile. Aliondoa msumarini kitenge cha zamani chenye maua mekundu, kitenge cha kike, akakikunja, akamfunika ng'ombe macho. Kisha aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio la mnyama, akamnong'oneza. Neno fupi. Halafu kisu kilipita, na damu ilitoka kwa nguvu, ikaruka mpaka kwenye viatu vya walio mbele, na watu wakapiga kelele za furaha kwa sababu waziri amekufa.

"Unamwambiaka nini?" nilimwuliza mara nyingi.

"Ni mambo yangu na yeye, mama. Weye uzisha unga yako."

Yeye mwenyewe nyama hakula. Alikula maharage, amekaa juu ya lile gogo, damu ikimkauka mikononi.

Nasema kweli, niliipenda tribunali ile. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini ilibadilika, na ilibadilika polepole kiasi kwamba hatukuona. Mwanzoni mashtaka yalikuwa ya utani: waziri amekula saruji ya shule. Baadaye watu wakaanza kuleta mashtaka yao wenyewe. Mzee mmoja alisimama mbele ya ng'ombe akasema, "Huyu aulizwe, mama yangu balimuzika wapi?" Hakuna aliyecheka. Ijumaa iliyofuata walisimama watu wanne, mmoja akaeleza kisima walimotupwa ndugu zake. Katekista alijaribu kutetea kama kawaida, akazomewa. Hapo zamani watu walikuja kucheka na kununua nyama. Sasa walifika mapema kushika nafasi karibu na kisu.

Ijumaa ninayotaka kuieleza ilitanguliwa na wiki mbaya. Kwetu vita vilikuwa vimeshuka tena mjini. Simu za soko zima zilijaa sauti za watu wanaolia, nyingine za kweli, nyingine za miaka ya nyuma zilizotumwa upya, na hakuna aliyetaka kutenganisha. Redio ya Mchinjaji ilikuwa imevunjika kabisa safari hii. Ng'ombe alichaguliwa kuwa Jenerali bila mpinzani. Watu walikuwa wengi mno, na wengine walikuja na fimbo.

Mjane mmoja wa Rubondo alijitokeza kutoa mashtaka. Nilimfahamu, alikuwa mteja wangu wa unga, mwanamke wa maneno machache. Alisimama mbele ya ng'ombe, akafungua mdomo, akainua macho kidogo juu ya mgongo wa mnyama. Ng'ambo ya pili alisimama mwanamume aliyekuwa akitengeneza baiskeli njia ya Rubondo. Tulimwona kila Ijumaa. Alinunua matumbo, hakuongea, kovu la moto lilimshika shingo mpaka sikioni.

"Mbona munauliza ng'ombe," mjane alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwenyewe ule pale."

"Mama, unanichanganya na mwengine," yule mwanamume akajibu.

"Uliniangalia hivyo hivyo. Ulikuwa umeshika mutoto wangu kwa muguu."

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka sauti ya fimbo juu ya mfupa, ambayo si kubwa kama watu wanavyodhani. Walimwangusha, wakampiga kwa mateke, kwa matofali, kwa mnyororo wa baiskeli alioushika mwenyewe. Meza yangu ilipinduliwa, unga ukatapakaa juu ya damu ukawa uji. Kamba ya ng'ombe ilifunguliwa, na Jenerali akaenda zake kula kabichi za watu. Kwa kamba ileile mtu alifungwa kwenye nguzo ileile, amepiga magoti, sikio lenye kovu limechanika, linaning'inia.

Katekista aliingia katikati. Koti lake lilikuwa limechanika bega.

"Ndugu zangu," alisema, "tribunali haijasikia utetezi. Mimi ni wakili. Mtu huyu lazima—"

Tofali lilimpata mdomoni. Alikaa chini, akatema, akatazama alichotema. Kesi zote alizopoteza zilitufurahisha, na hii alikuwa anaitetea bila mchezo, na sisi tuliivunja kwenye meno yake.

Ndipo mtu akasema kwa nyuma, "Tupige kura."

Mikono iliinuka. Yote. Vijana, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni. Nimeona Ijumaa nyingi, sijawahi kuona kura kama ile. Kisha umati ukafungua njia, na Mchinjaji akatoka mlangoni na kisu kimenolewa, mkono wa pili ameshika kile kitenge chenye maua.

Nilimsikia ng'ombe akitafuna kabichi. Mchinjaji alikwenda moja kwa moja. Alikikunja kitenge, akamfunga yule mtu macho, akakaza fundo. Aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio ambalo lilikuwa bado zima, akanong'ona. Neno fupi. Yule mtu, ambaye tangu mwanzo alikuwa akijivuta na kuapa, aliacha kujivuta. Suruali yake ililowa, na watu wakacheka, mikono ikiwa bado juu. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, kamba ilikuwa imekatwa. Mchinjaji alikuwa amemsimamisha yule mtu, amemshika kola kwa mkono mmoja. Mwanamume wa kwanza aliyewarukia alichanwa mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, akabaki anautazama kama si wake.

"Wa pili nani?" Mchinjaji akauliza.

Alitembea naye katikati yetu kwenda kituo cha polisi. Tuliwarushia mawe njia nzima. Hakukimbia, hakuinama, alipunga kisu kila tulipokaribia. Karibu na zahanati jiwe lilimpata jichoni. Jicho lilipasuka, maji yake yakashuka shavuni pamoja na damu, na mkono ulioshika kola haukulegea. Polisi walipiga risasi hewani, Mchinjaji akamvua yule mtu kitenge, nao wakamwingiza kwenye gari lao. Hatukumwona tena.

Wiki hiyohiyo bucha ilichomwa moto. Watu walisema Mchinjaji amenunuliwa, wengine walisema tangu zamani alikuwa upande wa wauaji. Msimamizi wa kambi alipiga marufuku mkusanyiko wowote nyuma ya soko. Mchinjaji alitibiwa jicho, lililobaki la kutibu, akaondoka bila kuaga. Katekista alipona, ila mpaka leo anapiga miluzi bila kutaka akisoma Injili.

Mimi nilimtetea. Nilikuwa na maelezo yangu, nayo yalinipa usingizi: Mchinjaji alimjua yule mtu kuwa siye. Alimtazama karibu, akaona ni mtu mwingine mwenye kovu, Mungu amsaidie, maana makovu kwetu ni mengi. Kwa hiyo akamwokoa. Ni nani angemwokoa mwenye hatia kwa gharama ya jicho lake? Niliyasema haya sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Nilimwambia mpaka mjane. Nilimwambia kwa upole kwamba kilio kinaweza kuchanganya macho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga khanga yake, na tangu siku hiyo akawa ananunua unga kwingine.

Juzi nilikwenda Mbarara kuonyesha magoti hospitali. Nikitoka, nilipita barabara ya nyuma ya soko kuu kutafuta mifupa ya supu, na nilimjua kwa mabega kabla hajageuka. Bucha ilikuwa ya mtu mwingine, yenye vigae vyeupe na televisheni ukutani. Kwenye televisheni waheshimiwa wanne walikuwa wakigombana, midomo inakwenda, sauti imezimwa. Jicho moja lilikuwa limefumbwa kwa mshono. Lingine lilinitazama likanitambua.

"Mama wa unga," alisema.

"Papa. Huyu wa leo balimuchagua nani?" Nilionyesha paja lililotundikwa. Nilitaka tucheke.

"Ni ng'ombe, mama. Huyu ni ng'ombe tu."

Alianza kunichagulia mifupa. Kitenge kilikuwa msumarini nyuma yake, maua yamefifia kuwa ya kahawia. Nilijua sitampata tena, kwa hiyo nilimwuliza.

"Ile neno ulikuwa unabaambia mu masikio. Uniambie sasa. Tumezeeka."

Alipangusa kisu. "Nilikuwa nabaambia, si weye."

"Si weye?"

"Ng'ombe ataitwa Jenerali, batamutukana, batamufurahia akikufa. Yeye hajui kitu. Nilikuwa namuambia, baba, si weye."

Nililia pale pale, mbele ya wateja wa watu. Nilishika meza. Nikasema, "Njo maana. Ule mutu wa baiskeli ulimwambia vilevile. Ulijua si yeye. Nilibaambia batu bote."

Mchinjaji alikata mfupa, akaukata tena, vipande vidogo kuliko nilivyotaka.

"Hapana," akasema. "Ule nilimwambia, ni weye."

Mteja mmoja aliingia akauliza bei ya maini, akajibiwa kwa Kinyankole, akatoka. Nilikuwa bado nimeshika meza.

"Nilimujua tangu siku ya kwanza alikuja kununua matumbo. Kile kitenge ni cha mama wa watoto wangu. Nilikikuta mulangoni kwetu na yeye ndani yake, amekufa, na ule mutu alikuwa anatoka na mbuzi wangu. Yeye hakunijua. Alikuja kila Ijumaa, na mimi kila Ijumaa nilikuwa nachinja mbele yake nikimuangalia."

"Basi kwa nini?" nilimwuliza. "Kisu ulikuwa nacho. Batu bote balikuwa nyuma yako."

"Njo hivyo. Nilikuwa nangoja siku ile miaka. Nikainua kichwa nikaona mikono. Mikono yenu yote juu, mama, na yako. Na munacheka. Kuinua mikono nilibafundisha mimi." Alifunga mifupa kwenye karatasi, akaikaza. "Polisi nilibaambia yote, na jina lake. Balimupeleka fasi sijui. Mimi nilimwacha hai na sijalala vizuri hata leo."

Juu yetu waheshimiwa waliendelea kugombana bila sauti. Alinisukumia furushi, akaweka na kipande cha paja juu yake, kipande kizuri, hakikuwa cha kwangu.

"Hicho ni cha ule mama wa Rubondo," alisema. "Umwambie alikuwa na haki. Umwambie mimi nilimusikia."

Nilipanda gari la kurudi. Sikushuka Base Camp, nilipitiliza mpaka Rubondo.